Feni ya jikoni na bafuni: bomba lake linaishia wapi?



Wiki hii nimeacha kidogo habari za minyoo na maji ya kunywa ili nizungumzie kitu ambacho pengine hukutarajia kukiona katika ukurasa wa afya, nacho ni bomba la feni ya kutoa hewa. Nakusudia ile feni ndogo ya duara inayowekwa juu ukutani au kwenye dari, jikoni au bafuni, ivute moshi na mvuke na kuvitoa nje. Hapa kwetu Kisesa nyumba mpya zinaota kila siku, kuanzia kandokando ya barabara ya Musoma hadi upande wa Bujora na Kanyama, na nyingi zina choo, bafu na jiko ndani. Zamani bafu lilikuwa uani, halina paa au lina bati moja tu, na jiko lilikuwa kibanda cha peke yake. Moshi na mvuke vilijiendea vyenyewe. Leo tumeviingiza chini ya dari moja na vyumba tunavyolala, basi hatuna budi kuvitafutia mlango wa kutokea.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Nilipojenga, fundi aliweka feni ya inchi 4 kwenye dari ya bafu. Juu ya dari akaunganisha bomba laini la rangi ya fedha, lile linalokunjwa kama kinanda, na mwisho wa bomba akauacha umelala juu ya mbao, chini ya mabati. Nilipouliza, akanijibu, "Daktari, hewa itajitoa yenyewe huko juu." Nikakubali, kwa kuwa mimi ni tabibu na si fundi, na pesa ilikuwa imeniishia.

Misimu miwili ya mvua ikapita. Kwenye dari ya chumba cha watoto likatokea doa la rangi ya chai, kisha likawa jeusi pembeni. Mtoto wangu wa pili akaanza kukohoa usiku na kubanwa kifua. Nikampa dawa ya kuvuta na nikatafuta sababu kwenye vumbi, kwenye blanketi, hata paka wa watu nikamfukuza. Asubuhi moja nikapanda darini kutazama waya wa taa. Nilipogusa bati kwa chini, mkono wangu ulirudi umelowa kama niliyegusa mfuniko wa sufuria ya wali. Bomba lenyewe lilikuwa limelegea katikati likafanya tumbo, na nilipoliinua, maji yaliyokuwamo yakanimwagikia kifuani. Mvuke wote wa bafu la watu saba ulikuwa unapelekwa juu ya vichwa vya watoto wangu.

Maji yanatoka wapi?

Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi, na ikipoa hushindwa kuubeba, ikautua kama maji. Ndiyo sababu glasi ya maji baridi hutoka jasho nje. Hewa ya bafuni yenye nyuzi 28, ikiwa imejaa mvuke, ina karibu gramu 27 za maji katika kila mita ya ujazo. Ikishuka hadi nyuzi 17 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 14 na nusu hivi. Nyuzi 17 si baridi ya Ulaya, ni alfajiri ya kawaida hapa kando ya Ziwa. Na bati hupoa kuliko hata hewa inayolizunguka, kwa sababu usiku usio na mawingu joto lake hupaa moja kwa moja kuelekea angani. Wengi wetu tunaoamka kwa ajili ya Alfajiri tumewahi kusikia bati likidondosha maji na hakuna mvua.

Hesabu kidogo. Feni ndogo ya bafuni hutoa kama mita 85 za ujazo kwa saa, yaani mita 21 kwa robo saa. Hata kama ni nusu tu ya mvuke niliotaja ndio unaogeuka maji, utapata zaidi ya nusu glasi kila asubuhi. Zidisha kwa mwaka mzima, kisha fikiria ubao wa jipsamu unaoyanywa.

Penye unyevu wa kudumu huota kuvu, yaani ule ukungu mweusi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu jambo hili mwaka 2009, likaeleza kuwa wanaoishi katika nyumba zenye unyevu na ukungu hupata zaidi dalili za kifua na maambukizi ya njia ya hewa, na wenye pumu huzidiwa. Sisemi kwamba kila pumu imetoka darini. Nasema ukimtibu mtoto kila mwezi huku dari inavuja mvuke, unachota maji kwa tenga.

Ama moshi wa jikoni, huo ni mkubwa zaidi. Shirika hilohilo lilikadiria kuwa mwaka 2020 moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani, wakiwamo watoto zaidi ya laki mbili walio chini ya miaka mitano. Wengi wao waliishi kwenye nyumba zinazopikia kuni, mkaa, kinyesi cha ng'ombe au mafuta ya taa. Mwaka 2024 Serikali yetu ilizindua mkakati wa kitaifa wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo ifikapo 2034. Mpaka hapo jiko la mkaa bado lipo nasi, na nitalirudia chini.

Bomba bora ni lile fupi

Kabla hujanunua chochote, tazama kama bafu lako au jiko lako lina ukuta wa nje. Kama lipo, toboa ukuta huo juu karibu na dari, weka feni hapo, na bomba lake liwe urefu wa tofali tu. Umemaliza. Huhitaji kuvalisha bomba chochote, huhitaji kupanda darini, na siku feni ikifa utaifikia kwa kiti. Nyumba nyingi ninazoziona zingeweza kufanya hivi, lakini fundi anapenda kuweka dari kwa sababu inapendeza.

Ikiwa chumba kiko katikati ya nyumba, ndipo bomba litapita darini, na hapo pana mambo ya kuchagua.

La kwanza ni upana. Usikubali feni ya inchi 6 ifungwe kwenye bomba la inchi 4 kwa sababu ndilo lililobaki. Tundu la inchi 6 ni zaidi ya mara mbili ya tundu la inchi 4, si mara moja na nusu kama jicho linavyodhani. Ukilibana, feni itapiga kelele na hewa haitoki. Bafu la mita 2 kwa 1 na nusu linatosheka na feni ya inchi 4. Jiko la mita 3 kwa 3, dari ikiwa mita 2.7, lina mita 24 za ujazo, na hewa yake ibadilishwe mara 10 hadi 15 kwa saa wakati wa kupika, yaani mita 240 hadi 360. Hiyo ni kazi ya feni ya inchi 6 au zaidi. Namba hizo huandikwa kwenye boksi, ziulize dukani kabla hujauliza rangi.

La pili ni urefu na kona. Feni za bei nafuu zenye mapanga machache zinasukuma hewa kwa nguvu ndogo, na bomba likizidi mita moja na nusu au mbili zinachoka. Kila kona kali, ile elbo ya pembe mraba, ni kama umeongeza bomba mita moja na nusu au zaidi. Ikiwa lazima bomba liwe refu, nunua feni ya aina ya gurudumu, yenye mapezi mengi membamba yaliyopangwa kama kizimba. Bei yake ni kubwa zaidi lakini inasukuma.

La tatu ni kitu bomba lilichotengenezwa nacho. Kwa bafu, bomba la plastiki la inchi 4, hilihili la maji machafu linalouzwa kila duka la vifaa vya ujenzi, linafaa sana. Ni laini ndani, halishiki kutu, na linagundishwa likawa halivuji. Kwa jikoni usiliguse. Plastiki hiyo hulegea ikifika kama nyuzi 80, na moto ukipanda kutoka kwenye karai la mafuta hutoa gesi kali ya asidi inayochoma mapafu. Jikoni weka bomba la bati jeupe lisiloshika kutu. Mafundi wa bati wanaotengeneza majiko, masanduku na gata za mvua watakukunjia bomba kwa kipimo chako, na mara nyingi kazi yao ni bora kuliko ya dukani. Lile bomba la kunyumbuka la rangi ya fedha, kama la kwangu, litumie kwa kipande kifupi tu cha kuunganisha, na ulivute linyooke. Mikunjo yake hushika mafuta ya jikoni, na mafuta hayo siku moja hushika moto.

Maungio yafungwe kwa tepu ya karatasi ya aluminiamu au silikoni. Tepu ya kawaida ya nguo hubanduka kwa joto la darini kabla ya mwaka. Na bomba linalolala liinamie nje, sentimita 2 kwa kila mita, ili maji yakipatikana yatoke nje yasirudi kwenye feni. Ncha nyembamba ya kila kipande ielekee nje pia, maji yapite juu ya ungio bila kuingia ndani yake. Lining'inizwe kwenye kenchi kwa waya au vipande vya bati kila baada ya mita moja, lisifanye tumbo.

Kulivalisha bomba

Hapa ndipo watu hushangaa. Wanauliza, sisi hatuna theluji, kwa nini tulivalishe bomba kama mtoto wa Lushoto? Jibu ni lile bati la alfajiri. Bomba lililo tupu darini hupoa, mvuke unageuka maji humohumo ndani, na lisipokuwa na mwinamo yanarudi kudondoka kwenye kichwa cha anayekoga. Lililovalishwa hubaki na joto la hewa inayopita, mvuke ukatoka nje ukiwa bado ni mvuke. Kwa hiyo valisha sehemu yote iliyo darini, hasa mita ya mwisho karibu na bati, ambayo ndiyo baridi kuliko zote na ndiyo mafundi huiacha.

Kifaa kinachofaa ni sufi ya kioo, ile ya manjano inayouzwa kwa mikeka yenye upande mmoja wa karatasi ya fedha. Unene wa milimita 25 ndio wa chini, 50 ni bora. Izungushe upande wa fedha ukiwa nje, ziba maungio yake kwa tepu, na usiikaze kwa kamba, kwa sababu kinachozuia joto ni hewa iliyomo ndani ya sufi. Ukiibana imekuwa kitambaa. Wakati wa kuishika vaa glavu, mikono mirefu na barakoa, kwa sababu nyuzi zake huwasha ngozi na kukereketa koo. Nguo hizo zifuliwe peke yake. Watoto wasicheze na mabaki.

Sasa najua mtakalosema, kwamba huku Usukumani pamba ipo tele, kwa nini tununue sufi ya kioo? Pamba inashika moto haraka, inanyonya unyevu, na panya wataona mmewajengea. Hali kadhalika magunia na pumba za mpunga. Kibaya kuliko vyote ni sponji la godoro, nililoliona kwenye nyumba mbili. Likiwaka hutoa kaboni monoksaidi na sianidi, na mtu hufa kwa moshi kabla moto haujamfikia. Na yeyote aliyebakiwa na vipande vya mapaa ya zamani ya asbesto asivikate wala kuvitumia kuzungushia bomba. Vumbi lake ni chanzo cha saratani ya mapafu na ya utando wa mapafu, nayo hujitokeza baada ya miaka mingi.

Mdomo wa nje

Bomba litoke nje kabisa, ukutani au juu ya bati, si chini ya upenu ambapo hewa hufyonzwa tena darini. Mdomo uwe na kifuniko chenye vibao vyepesi vinavyofunguka feni ikiwaka na kujifunga ikizimwa. Bila hivyo mbu wanaingia, popo wanaingia, na ule msimu wadudu wadogo wa ziwani wanapokuja kama wingu la moshi, utawakusanya kwa ufagio. Wengine huweka wavu wa mbu kwenye mdomo huo. Kwa bomba la jikoni ni kosa, unaziba kwa mafuta ndani ya wiki chache. Weka wavu wa matundu makubwa kiasi, kama nusu sentimita, kuzuia ndege, na mbu waachie vibao.

Tena angalia mdomo unaelekea wapi. Viwanja vyetu ni vidogo na dirisha la jirani liko hatua tatu. Mtume (s.a.w.) alimuusia Abu Dharr (r.a.) azidishe maji katika mchuzi wake ili jirani naye apate. Sisi jirani tunampelekea moshi wa kukaangia sambusa tangu Alasiri hadi Magharibi mwezi mzima wa Ramadhani, na mchuzi hatumpelekei. Zungusha bomba litokee upande wa uani, au lipandishe juu ya paa.

Jiko la mkaa, dohani na gesi

Naomba usome sehemu hii kwa makini kuliko nyingine zote. Feni haifanyi jiko la mkaa liwe salama ndani ya nyumba iliyofungwa. Mkaa uliokolea hauna moshi unaoonekana, lakini unatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoshikamana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Umeme ukikatika feni imesimama, na jiko linaendelea. Anayeumwa kichwa, kuona kizunguzungu na kichefuchefu karibu na jiko la mkaa, mtoe nje kwanza, kisha mlete kituoni. Kama ni watu wawili au watatu wa nyumba moja wanaumwa kichwa kwa pamoja, usiwape dawa ya malaria kabla hujauliza habari za jiko. Na usiku wa mvua jiko lisiingizwe chumbani hata kama bibi analalamika baridi. Muongeze blanketi.

Wenye jiko la kuni lenye dohani wajue kuwa dohani ni kitu kingine. Moshi wake hupanda kwa sababu una joto, hauhitaji feni. Ukiweka feni yenye nguvu katika jiko hilohilo, na madirisha yamefungwa, feni itavuta hewa kupitia dohani na moshi utarudi chini. Feni yoyote inahitaji hewa ya kuingia, dirisha wazi au nafasi ya sentimita 2 chini ya mlango. Bomba la dohani likae mbali na mbao za kenchi, nusu mita ikiwezekana. Nafasi ikikosekana, fundi wa bati atengeneze bomba ndani ya bomba, na nafasi ya katikati ijazwe majivu makavu. Moshi utabaki na joto upande vizuri, na masizi yatapungua. Usitumie karatasi wala pumba kujazia.

Wanaotumia mtungi wa gesi, wengi wanadhani feni ya juu itaondoa gesi iliyovuja. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini sakafuni. Ukisikia harufu usiwashe feni wala taa, kwa kuwa cheche ya swichi inatosha. Funga mtungi, fungua mlango na madirisha, toeni watoto.

Wengine wanaogopa LUKU. Feni ndogo ya wati 20 ikifanya kazi saa moja kila siku inakula uniti 0.6 kwa mwezi mzima. Iache izunguke robo saa baada ya mtu wa mwisho kukoga. Ya jikoni ifunguliwe, umeme ukiwa umezimwa, ioshwe kwa maji ya moto na sabuni kila mwezi, na kabla ya Ramadhani kwa vyovyote vile.

Na ukiwa na mtoto anayekohoa, usimsubirishe fundi. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 anayepumua mara 50 au zaidi kwa dakika, au wa mwaka mmoja hadi mitano anayepumua mara 40 au zaidi, au yeyote ambaye chini ya mbavu panabonyea anapovuta hewa, aletwe kituoni siku hiyohiyo. Mtu mzima aliyekohoa wiki mbili apimwe makohozi. Mama mmoja alijiambia kwa miezi minne kuwa ni moshi wa jikoni. Ilikuwa kifua kikuu, na wajukuu walikuwa wanalala naye.

Kwangu nilitoa lile bomba la kukunjika, nikaweka la plastiki la inchi 4 lenye mwinamo hadi ukuta wa uani, nikalivalisha sufi ya milimita 50. Ubao wa dari wenye ukungu niliukata na kuutupa, sikuupaka rangi juu yake kama nilivyoshauriwa. Mtoto bado ana pumu, na chupa yake ya kuvuta bado iko kabatini, lakini usiku analala. Ukitaka kujua kama ya kwako inafanya kazi, washa feni, funga mlango, kisha weka karatasi moja nyepesi ya chooni kwenye mdomo wake wa ndani. Ikinasa, hewa inavutwa. Halafu nenda nje ushike mkono kwenye mdomo wa pili. Kama husikii upepo hapo, chukua ngazi upande darini.